Maktaba Iliyokatwa Mkia

Katika Sekondari ya Magadini palikuwa na kiranja wa kila kitu kinachoweza kutiwa kufuli, na wa vingine visivyoweza. Palikuwa na kiranja wa chakula, kiranja wa kengele, kiranja wa usingizi na kiranja wa ukimya, ambaye alikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Namnyaki Lukumay wa kidato cha tano alikuwa kiranja wa maktaba. Wageni walimpongeza kwa cheo hicho wakidhani kina vitabu ndani yake. Hakikuwa na kitabu hata kimoja. Maktaba yake ilikuwa faili moja la programu, jina lake Ubaridi, na wajibu wake ulikuwa kuhakikisha kwamba watu hawafi.

Nje ya kuta za shule, kwenye uwanda mweupe wa magadi, jua lilikuwa limeacha utani tangu enzi za mababu zao. Aliyetoka bila koti la baridi hakurudi kwa miguu yake. Koti lenyewe lilikuwa na mabomba membamba ya maji mgongoni, kihisio cha joto kwenye kisogo, na kompyuta kiunoni, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kompyuta hiyo haikujua lolote ila kuita. Ilimwita Ubaridi, naye akaja na hesabu zake: huyu ana joto, mwongezee maji, huyu amepoa, mpunguzie, tuokoe chaji. Na si makoti peke yake yaliyomwita. Lori la shule lilimwita apoze injini. Lango kuu lilimwita, feni za jikoni zilimwita. Zamani kila kifaa kilibeba hesabu zake, kama mwanafunzi anayejipikia kwa kijiko chake na kisufuria chake. Siku hizi wote walikula sufuria moja. Mpishi akipatia, shule nzima inashiba. Mpishi akikosea, shule nzima inapanga foleni chooni.

Sufuria hilo lilikuwa na mapishi mawili. La kwanza liliitwa toleo la majaribio. Ndani yake mafundi walipanda maswali kila kona: namba hii inawezekana? Na hii je? Jibu likiwa hapana, hesabu zote husimama palepale, haziendelei hata ukizipigia magoti; kinachobaki macho ni kumbukumbu tu, inayoandika kila inachokisikia. Toleo hilo ni zito, linakula chaji kama bweni la wavulana linavyokula wali, na halifai kutoka nje ya karakana. La pili ni toleo la kazi. Hilo maswali yote yameng'olewa, kumbukumbu zimeng'olewa, hata kipaza sauti kimezimwa. Ni jepesi, lina mbio, halisemi neno. Haliulizi kwa sababu inaaminika kwamba lenzake lilishauliza.

Duniani kote, toleo la majaribio hutiwa mkia kwenye jina ili yasije yakachanganyika. Magadini nako lilikuwa na mkia, hadi Mwalimu Kivuyo alipotunga Kanuni ya Kumi na Nne.

Mwalimu Kivuyo alikuwa mwalimu wa nidhamu, mtu mrefu, mkavu, aliyepiga pasi hata leso. Kanuni yake ilizaliwa siku ya wazazi, pale mwenyekiti wa bodi alipokaribishwa jukwaani, mbele ya mkewe, kwa jina alilopewa na mabweni. Tangu siku hiyo ikaamriwa kwamba kila kilichopo shuleni kitakuwa na jina moja, kamili, bila nyongeza. Akazunguka kukagua. Alipofika karakana akaona faili mbili, moja ikiitwa Ubaridi na nyingine Ubaridi-majaribio, akauliza huyu wa pili ni nani kama si jina la utani. Namnyaki alimweleza kwa heshima zote. Mwalimu akamjibu kwamba faili hizo zinakaa kwenye folda mbili tofauti, hivyo hakuna sababu ya kuhofia, kama ambavyo wavulana na wasichana wanakaa mabweni tofauti na hakuna aliyewahi kukutwa asipostahili. Namnyaki aliukaza uso wake usicheke, akakata mkia.

Na kwa kuwa kila kanuni hustahili kuenziwa, aliamua kuienzi. Kwa ajili ya gwaride la Jumamosi alilitia toleo la majaribio sauti. Alichagua sauti ya shangazi wa harusini, yule anayejua siri za kila mtu na hajaombwa kuzisema. Mpango ulikuwa kuliweka kwenye koti moja tu, la Mwalimu Kivuyo, litangaze hali ya kwapa lake mbele ya shule nzima. Alimaliza kazi hiyo Alhamisi jioni, akalihifadhi kwenye folda ya Jaribio, akalala usingizi wa watu wema.

*

Ijumaa asubuhi alikuwa mlangoni pa jiko na kikombe cha uji, aliposikia feni ikizungumza.

"Nazunguka," ilisema ile sauti ya shangazi. "Maharage yanaungua, ila sikuulizwa."

Wapishi waliangua kicheko. Namnyaki alicheka nao, kwa sababu kwa kweli ilikuwa nzuri. Kisha akakumbuka kwamba toleo la kazi halina sauti.

Mtambo wa kusambaza ulipita kwenye folda kila siku saa nne asubuhi kwa mpangilio wa alfabeti, ukitafuta faili linaloitwa Ubaridi. La kwanza ulilolikuta limebadilika, ulilituma kwa kila kifaa cha shule. Miaka yote ulikuwa unaipita folda ya Jaribio bila kusimama, maana faili la mle lilikuwa na mkia. Leo haukuuona mkia. Na Jaribio hutangulia Kazi katika alfabeti, wala hakuna kanuni ya shule inayoweza kulibadilisha hilo.

Aliacha kikombe sakafuni, akakimbia. Baada ya chai ya asubuhi kidato cha pili chote kilikuwa kimetoka kwa matembezi ya magadi, yale ya kila muhula, hadi kilima cha chokaa na kurudi. Waliongozwa na Mwalimu Kivuyo, na Gidion Boay, kiranja wa bweni la wavulana, akiwa nyuma kukusanya wazembe.

Karakanani alimkuta Madam Kileo, mkuu wa shule, ameshafika, mtandio umemponyoka mabegani. Lango lilikuwa limesimama halifunguki. Lori nalo lilisema kwa sauti ya shangazi kwamba injini yake ina wasiwasi, likazima. Madam hakuuliza nani amefanya. Aliuliza wale watoto walioko nje wamevaa nini.

"Hilo hilo, Madam," alisema Namnyaki.

Alifungua redio. Sauti zilimwagika kama mahindi kutoka gunia lililotoboka, mashangazi wengi wakisema kwa pamoja, na nyuma yao watoto wakicheka. Gidion ndiye aliyesikika kwanza. Alikuwa na furaha tele.

"Mheshimiwa kiranja, koti langu linasema nina kwapa la seremala. Watu huku wamekaa chini kwa kucheka. Umevunja rekodi."

Alimuuliza taa ya chaji ina rangi gani. Gidion akasema njano. Alimuuliza wamefika wapi. Kilimani, akasema, ndio wanageuka. Kwa toleo la kazi, taa ilipaswa kuwa kijani hadi wakati wa chakula cha mchana. Namnyaki alimwambia awasimamishe watu, wasicheke, wasikimbie, na ampe Mwalimu redio. Kicheko kilikatika kwenye koo la Gidion. Walijuana tangu kidato cha kwanza, na Gidion hakuwa amewahi kumsikia akiomba watu wasicheke.

Kabla Mwalimu hajaipokea, shangazi mmoja alipanda juu ya wengine wote.

"Mvaaji ana baridi kuliko maiti. Namba hii haiwezekani. Nasimama."

Kisha ukasikika mlio mdogo, wa pampu inayokata.

"Ni Nembris," alisema Mwalimu Kivuyo redioni. Sauti yake ilikuwa ileile ya paredi. "Binti huyu ameanza tena."

Muhula uliopita Nembris alianguka palepale karibu na kilima. Koti lake lilipimwa likakutwa linafanya kazi bila kosa. Kwa hiyo Mwalimu Kivuyo aliandika kwamba amejizimisha kukwepa matembezi, na Nembris akasugua masufuria ya shule hadi likizo. Wenzake walimpachika jina, likafutwa kwa Kanuni ya Kumi na Nne, wakaendelea kumwita hivyo kwa kunong'ona.

Lakini sasa koti jingine likasema maneno yaleyale. Mvaaji ana baridi kuliko maiti. Likafuata la tatu.

"Lukumay," Mwalimu aliita polepole. "Hiyo maana yake nini?"

Namnyaki alikuwa ameshaielewa, na alitamani asingeielewa, lakini alimweleza. Vumbi la magadi lilikuwa limeingia kwenye vihisio vya kisogo. Kihisio kilichoingiwa na vumbi husoma baridi, hata kama mvaaji anaungua. Toleo la majaribio huona namba hiyo, huuliza kama inawezekana, na kwa kuwa haiwezekani, husimama.

"Na toleo la kazi?"

"Toleo la kazi haliulizi, Mwalimu. Linaamini. Likiambiwa mtu ana baridi, linampunguzia maji."



"Tangu lini?" aliuliza Mwalimu.

"Sijui. Toleo la kazi haliweki kumbukumbu."

Namnyaki alisikia tu pumzi ya Mwalimu, na mbali kidogo mtoto akilia kwa kukosa namna nyingine.

*

Mbele yake palikuwa na kitufe. Akikibonyeza, toleo la kazi lingeruka hewani hadi kilimani, makoti yote yangeamka upya, mepesi, na chaji iliyobaki ingewafikisha nyumbani. Lango lingefunguka. Lori lingewaka na kwenda kuwapokea. Madam Kileo aliyaona hayo yote bila kuelezwa, akamwambia abonyeze.

Namnyaki hakubonyeza.

Alieleza kwa haraka, maneno yakigongana. Wale ambao makoti yao yamesimama wanajulikana. Lakini toleo la majaribio lina mwendo wa kobe, na makoti mengine hayajafika kwenye swali la kisogo. Akibonyeza sasa, maswali yatang'oka, na yule ambaye kihisio chake ni kibovu na hajajulikana atatembea akiamini koti lake ni zima, huku linampunguzia maji hatua kwa hatua. Hatajua. Aliye pembeni yake hatajua. Wala hawataweza kuambiwa, maana toleo la kazi halina sauti.

"Wape hao wabovu toleo lao na wazima lao," alisema Madam.

"Yana jina moja, Madam. Makoti yakiwa karibu hunong'onezana. Yakikuta faili mbili zenye jina moja, lililo jipya linameza la zamani. Ingekuwa lina mkia yangekaa pamoja."

"Tengeneza la tatu. Jepesi, lakini lenye hilo swali moja."

"Kuliunda ni sawa na kuchemsha maharage ya shule. Watakuwa wameisha."

Madam Kileo aliketi kwenye kigoda cha fundi. Alikuwa amefundisha watoto wa watu maisha yake yote, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia mlango ukigongwa na hataki kufungua. Alisema taratibu kwamba akingoja, chaji ya wote itakwisha. "Mwanangu, tutaokoa wengi. Bonyeza."

Lakini Mwalimu Kivuyo alikuwa ameshaamua jambo huko aliko. Aliwapanga watoto kwenye mistari kama gwaride. Halafu akatoa amri ambayo Namnyaki, hata katika hali ile, ilibidi aisikilize mara mbili kichwani.

"Doeaneni," alisema.

Kudoea baridi kulikuwa kosa la Kanuni ya Tisa. Kila koti lilikuwa na bomba la akiba mkononi, la kujazia maji, na kila mwanafunzi wa Magadini alijua kulichomeka kwenye koti la jirani katikati ya somo la jiografia na kujinywea ubaridi wa mwenzake. Mwalimu Kivuyo alikuwa amewaadhibu kwa kosa hilo watu wasiohesabika. Sasa aliwaambia kwamba yeyote ambaye koti lake limesimama achomeke bomba kwa mwenye koti salama, na asiliamini koti lake tena hata likiamka. Mmoja kwa mmoja. Koti moja lina nguvu za watu wawili. Wa tatu akiongezwa, wote watatu wanakwisha.

Kisha akaita majina, mmoja mmoja, kama afanyavyo kila asubuhi. Aliyemaliza mzunguko wa maswali alijibu "salama". Ambaye koti lake limekata alijibu "limesimama". Wengine walikuwa bado, akawaruka, akarudi. Taa zilikuwa zimeanza kugeuka nyekundu. Mvulana mmoja alijibu jina lake akapiga magoti, wakamshikilia. Majibu yaliendelea kuja, salama, limesimama, limesimama, salama, na kila aliyejibu limesimama alipelekwa kwa mzima, hadi wakabaki wawili. Nembris, ambaye hakuwa na wa kudoea. Na Gidion, ambaye koti lake lilikuwa bado linauliza.

"Shangazi wangu anasoma taratibu kama mtu wa chekechea," alisema Gidion, lakini ulimi wake ulikuwa mzito.

Kwa desturi, aitaye majina hujiita mwisho.

"Kivuyo," alijiita Mwalimu. "Salama."

Namnyaki alihema. Hesabu ilikuwa imepatikana.

"Mwalimu, basi Nembris adoee kwako," alisema. "Gidion tumwombee Mungu. Nabonyeza sasa."



"Hapana," alisema Mwalimu Kivuyo. "Subiri jibu la Boay. Nembris ataunganishwa na Boay."

"Mwalimu, koti lako ni zima!"

"Nimesema subiri."

Namnyaki aliuondoa mdomo redioni ili asiseme kilichokuwemo. Hata sasa, aliwaza. Hata sasa mzee huyu hawezi kuchomekwa bomba na binti aliyemwita mwongo. Madam Kileo naye alikuwa ameufumba mdomo kwa kiganja. Kule uwandani Nembris, ambaye hakuwa ameongea tangu koti lake likate, alisema kwa sauti nyembamba kwamba yeye anaweza kutembea tu, amezoea.

"Namnyaki," alisema Gidion. Hakusema mheshimiwa. "Bonyeza. Hawa watoto wanaisha."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Akibonyeza, anampa Gidion koti ambalo huenda linamuua kimyakimya, na Nembris hana lolote. Asipobonyeza, taa nyekundu kumi, ishirini, zinazimika mbele ya macho ya Gidion kwa sababu ya watu wawili, na mmoja wao ni rafiki yake. Alijiuliza kama angengoja vilevile endapo aliyebaki angekuwa mtu mwingine, yule kiranja wa ukimya kwa mfano. Swali lilikaa palepale. Hakukuwa na toleo lake lisilo na maswali.

Aliyaomba mashangazi, kwa majina yote ambayo Kanuni inayakataza, yafanye haraka.

"Kisogo cha mvaaji kinanuka," koti la Gidion likatangaza mwishowe, "ila namba zake zinawezekana. Salama."

Akasikika mtu akichomeka bomba. Namnyaki akabonyeza.

Redio ikanyamaza. Si kwa kupungua, ilinyamaza kama mtu aliyezibwa mdomo kwa nyuma. Hilo ndilo toleo la kazi, lina adabu kuliko wote. Nje, lango likafunguka lenyewe, na lori likaunguruma.

*

Lori lilikutana nao nusu ya njia, Namnyaki akiwa ndani. Kwanza walionekana kama mstari uliochorwa vibaya juu ya weupe, kisha wakawa watu, wawili wawili, wameunganishwa kwa mabomba mikononi kama ng'ombe wa kulimia. Hawakuimba. Wengine walibebwa. Namnyaki aliruka kabla lori halijasimama, akawahesabu kwa nyuso. Gidion alikuwa wa mwisho, Nembris kando yake, bomba likiwa kati yao. Midomo ya Gidion ilikuwa imepasuka, akajaribu kusema jambo la kuchekesha, likashindikana.

"Mwalimu yuko wapi?"

Gidion aligeuka nyuma, akashangaa. Alieleza kwamba Mwalimu aliwaambia yeye atashika mkia wa mstari, na kwamba atakayegeuka kutazama nyuma atasugua masufuria hadi amalize shule. Kwa hiyo hawakugeuka. Kwa muda walimsikia akiwahimiza. Halafu wakadhani ametulia kwa sababu wanatembea vizuri.

Walimkuta si mbali na kilima cha chokaa. Alikuwa amepiga magoti, mgongo umenyooka, leso kiunoni imefungwa kwenye koti. Alikuwa hajaanguka kwa sababu hajawahi kuruhusu jambo kama hilo.

*

Zahanati ya shule ilikuwa na vitanda vichache, na siku ile watoto walilala hadi sakafuni. Mwalimu Kivuyo aliwekwa kwenye beseni la barafu ya jikoni. Mganga alisema moyo unapiga. Alisema mkono wa kushoto haumjibu, na kwamba asiulizwe mambo mengine hadi jioni. Madam Kileo alikuwa akizunguka na jagi la maji, akimnywesha kila mtu, hata waliokataa.

Namnyaki aliokota lile koti lililochanwa kwa mkasi. Alitaka kujua. Kihisio kilikuwa salama, Mwalimu alisema hivyo kwa kinywa chake, basi kwa nini? Kama kulikuwa na kosa la pili, lilikuwa ndani ya makoti ya shule nzima. Toleo la kazi halikuwa limeandika kitu tangu alipobonyeza. Lakini la majaribio lilikuwa limeandika kila kitu kabla yake. Alichomeka waya, akalirudisha, na kwa haraka yake alisahau kupunguza sauti.

"Mvaaji ana baridi kuliko maiti," alisema shangazi katikati ya zahanati, kwa furaha yake yote ya harusini. "Namba hii haiwezekani. Nasimama. Mvaaji amenifunga mdomo kwa leso. Mvaaji amesema: nyamaza, watoto wanasikia."

Watoto waligeuza vichwa. Namnyaki alitazama saa ya tukio. Koti lilikuwa limesimama kabla hata Mwalimu hajaanza kuita majina.

Basi wakati anasema salama, lilikuwa limesimama. Wakati wanamngoja Gidion, lilikuwa limesimama. Nembris angechomeka bomba lake kwenye koti lililokufa. Na Mwalimu angesema ukweli, kungekuwa na mwanafunzi mmoja mwenye huruma ambaye angemkaribisha adoee kama wa tatu, na wote watatu wangekwisha.

Shangazi aliendelea, maana hakuna aliyemzuia.

"Mvaaji anasema jina la mtu. Nembris. Mvaaji anasema, nilikusugulisha masufuria. Mvaaji hana wa kumwambia, ananiambia mimi."

Nembris alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Hakulia. Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na sufuria lililojaa barafu, akaimwaga taratibu kwenye beseni, upande wa mkono usiojibu.

Mwalimu Kivuyo alifumbua macho. Yalitangatanga kwanza, yakapita juu ya Nembris, yakarudi kwake, yakakaa hapo muda mrefu. Kisha yakamtafuta kiranja wa maktaba.

"Lukumay." Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Huyo shangazi ni wako?"

Alisimama wima, kwa mazoea. "Ni wangu, Mwalimu."

"Alikuwa wa Jumamosi."

"Ndiyo, Mwalimu. Alikuwa wa kwako."

Mzee alifumba macho, na Namnyaki alingoja adhabu kama mtu anavyongoja mvua. Alikuwa tayari kwa masufuria yote ya nchi. Barafu ilipasuka ndani ya beseni. Mwalimu alijaribu kuinua kidole cha mkono wa kushoto, kile cha kuonyea, kisiinuke. Akainua cha kulia.

"Usimfute," alisema. "Mtie mkia."